Sura ya Sita: Simu Mbili za Kihonda

Juni 2024 ilileta mambo mawili Kihonda, mjini Morogoro. La kwanza lilikuwa treni. Tarehe 14 ya mwezi huo SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na bodaboda wa mji mzima wakapata riziki mpya ya kuisubiri. La pili lilikuwa dogo kwa kulitazama, ila ulilikuta kila kijiwe. Pale Maghorofani vijana wanaosubiri abiria walikuwa wameinamisha vichwa, dole gumba likigonga kioo cha simu mara mbili, tatu, nne kwa sekunde, bila kupumzika. Walikuwa wanachuma sarafu za gemu. Ilisemekana siku moja sarafu zile zitageuka pesa.

Siku hizo nilimkuta kijana mwenye simu mbili. Moja alikuwa nayo mkononi, anaigonga kama wenzake. Nyingine ilikuwa imelala juu ya tangi la pikipiki, imechomekwa kwenye pawabenki, na namba zake zilikuwa zinapanda bila mtu kuigusa. Nikamuuliza ile nani anaigonga.

"Inajigonga yenyewe, mzee. Kuna programu nimeiweka. Hata nikilala, yenyewe iko kazini."

Mwenzake wa pikipiki ya pili hakucheka. "Wewe ndiye unayetuharibia," alimwambia. "Sisi tunagonga kwa vidole, wewe unagonga kwa mashine, halafu siku ya malipo tunapanga foleni moja."

Nimetembea na maneno ya kijana huyu wa pili muda mrefu. Wanauchumi na makampuni makubwa wamehangaika na jambo hilohilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sioni kama wamelisema waziwazi kuliko yeye. Sura hii inaifuata foleni yake.

Programu inayocheza mahali pa mtu vijana huiita boti. Mimi nitaiita roboti, maana boti kwa watu wetu ni chombo cha kwenda Zanzibar.

Gemu ya mtandaoni inayochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja ina uchumi wake, na mtu aliyekulia Morogoro atauelewa upesi akilikumbuka Bwawa la Mindu. Mto Ngerengere unaingiza maji, mabomba ya mji yanayatoa. Yakiingia mengi kuliko yanayotoka, bwawa linafurika. Yakitoka mengi kuliko yanayoingia, ndoo zinapangwa foleni. Ndani ya gemu kinachoingia ni dhahabu. Ukiua dubwana linadondosha sarafu ambazo sekunde moja kabla hazikuwepo popote. Seva imezitengeneza papo hapo. Kinachotoka ni gharama: kutengeneza upanga uliovunjika, nauli ya kusafiri, ushuru wa mnada. Mbunifu wa gemu anakaa juu ya bwawa hilo akipima. Vipimo vyake vyote vimejengwa juu ya dhana moja, kwamba anayecheza ni mtu. Mtu anachoka. Anakula, anaswali, anaitwa na mama yake akachote maji, analala. Roboti haifanyi hata kimoja cha hayo, kwa hiyo kipimo cha mbunifu kinakuwa cha uongo tangu siku ya kwanza.

Kwamba dhahabu ile ya kufikirika ina thamani ya kweli, lilithibitishwa mapema. Mwaka 2001 Edward Castronova, mwanauchumi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la California kule Fullerton, alichapisha utafiti juu ya EverQuest, gemu iliyozinduliwa mwaka 1999. Alichukua bei ambazo wachezaji walikuwa wanauziana mali za mchezo kwa dola kwenye minada ya intaneti, akapiga hesabu. Mchezaji alikuwa anazalisha thamani ya dola 3.42 kwa saa. Ulimwengu ule, uitwao Norrath, usio na ardhi wala bendera, ulikuwa na pato la dola 2,266 kwa kila mkazi, karibu na Urusi ya wakati ule. Watu walishangaa. Mimi kinachonishika katika hesabu yake ni lile neno saa. Castronova aligundua kwamba sarafu ya gemu ni saa za watu zilizogandishwa. Anayenunua dhahabu ya EverQuest kwa dola ananunua jioni za mtu mwingine.

Kama saa za watu zinauzwa, lazima kutakuwa na mahali zinapopatikana kwa bei ya chini. Mahali hapo palikuwa Uchina. Vijana walikaa kwenye kumbi za kompyuta kwa zamu, usiku na mchana, wakiua madubwana yaleyale na kuokota dhahabu ya kuuzwa Marekani na Ulaya. Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria mwaka 2008 kwamba kazi hiyo ilikuwa na watu wapatao 400,000, wengi wao Uchina, na malipo ya wastani yalikuwa kama dola 145 kwa mwezi. Ni malipo madogo kwa jasho kubwa. Hata hivyo walikuwa watu, na walilala.

Mashine ilikuwa imeshaingia. Mwaka 2005 Mmarekani Michael Donnelly alianza kuuza programu iliyoitwa Glider, ya kuchezea World of Warcraft. Ulikuwa unaiambia izunguke wapi, iue nini, iokote nini, kisha unakwenda zako kulala. Kufikia mwaka 2008 alikuwa ameuza nakala zipatazo 120,000 na kuingiza dola milioni 3.5 hivi. Blizzard, wenye gemu, walimpeleka mahakamani, na kesi ikafika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, iliyotoa uamuzi Desemba 2010. Wanasheria wanaikumbuka kesi hiyo kwa mabishano yake ya hakimiliki. Kwa mtu wa uchumi jambo lilikuwa jingine: saa moja ya kuua madubwana, iliyokuwa na bei kwa sababu mtu alichoka kuifanya, sasa iligharimu umeme tu.

Kitu gani hutokea kwenye bei roboti zikiingia? Wengi husema bei zinapanda, basi. Hiyo ni nusu ya habari, na nusu inayoachwa ndiyo inayomuumiza maskini.

Tuchukulie soko la Mawenzi. Wakulima wa Mgeta wanashusha kabichi, karoti na nyanya kutoka milimani. Sasa tuseme usiku mmoja anatokea mkulima asiyelala, mwenye mikono elfu, anayevuna saa ishirini na nne na hadai nauli ya lori. Asubuhi nyanya zimejaa hadi barabarani. Bei inaanguka. Mama wa Mgeta aliyeteremka na matenga mawili anarudi nyumbani na pesa isiyotosha mafuta ya taa. Lakini mkulima yule wa mikono elfu analipwa, na pesa zake anakwenda kuzitumia. Havutiwi na nyanya, anazo. Anataka kiwanja, anataka pikipiki, vitu ambavyo mikono yake haiwezi kuvivuna. Bei ya hivyo inapanda. Mama wa Mgeta anabanwa pande zote mbili: anachouza kimeshuka, anachokitamani kimepaa.

Ndivyo ilivyo ndani ya gemu. Roboti hufanya kazi za kurudiarudia: kukata miti, kuchimba madini, kuvua samaki, kuchuna ngozi. Hizo ndizo kazi za mchezaji mgeni, asiye na silaha kali wala marafiki wa kumbeba. Anakata magogo siku tatu, anayapeleka mnadani, anakuta magogo milioni. Upanga anaouota, ambao unapatikana kwa kundi la watu wenye akili na ustadi kumshinda joka kubwa, umepanda bei kwa sababu dhahabu ya roboti inaukimbilia. Mchezaji tajiri mwenye panga kumi haumii sana. Wala simlaumu mgeni anapokata tamaa na kununua dhahabu kwa pesa halisi, ingawa ununuzi wake ndio unaolipia umeme wa roboti inayomkandamiza.

RuneScape ndiyo gemu iliyopitia haya yote hadharani, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Ilitoka Januari 2001, kazi ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ilichezwa kwenye kivinjari cha kawaida, hata kompyuta ya duka la intaneti iliweza kuifungua. Wauza dhahabu waliifuata kama nzi, na baadhi yao walikuwa wanalipia uanachama kwa kadi za benki za wizi. Jagex wakaamua kung'oa mti mzima. Desemba 2007 na Januari 2008 waliondoa mapigano ya porini ambako mshindi aliokota mali ya aliyeuawa, wakazuia wachezaji kupeana vitu visivyolingana thamani. Huwezi kumpa rafiki yako zawadi kubwa. Huwezi kumkopesha ndugu. Hebu fikiri sokoni Mawenzi marufuku ya kumwongezea mteja wako nyongeza! Wachezaji waliandamana ndani ya mchezo wenyewe, wakijazana viwanjani na kupiga kelele kwa maandishi.

Miaka mitatu baadaye Jagex walirudi kuuliza watu. Kura zaidi ya milioni 1.2 zilipigwa, na asilimia 91 walitaka soko huria lirudi. Lilirudi tarehe 1 Februari 2011. Roboti zilirudi nalo, tena kwa wingi hadi mchezaji mtu akawa anajiona mgeni msituni: kila mti umezungukwa na wahusika wenye majina ya herufi zisizosomeka, wanakata, wanageuka, wanakata. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo Jagex walibadilisha mfumo kwa ndani ili programu hizo zishindwe kuusoma, wakatangaza kufungia akaunti milioni 1.5 kwa siku moja.

Kilichofuata ni somo zuri. Misitu ilikuwa mitupu, na wachezaji waliokuwa wamezoea magogo ya bei ya bure wakalalamika kwamba ghafla ni ghali. Kwa miaka walikuwa wanakula jasho la mashine bila kulihesabu. Wale waliokuwa wanakata miti kwa mikono yao walipata, kwa muda, bei ya haki.

Kwenye EVE Online, gemu ya anga ya kampuni ya CCP ya Iceland, kampuni iliyokuwa imemwajiri mwanauchumi mwenye shahada ya uzamivu, Eyjólfur Guðmundsson, tangu 2007, operesheni kama hiyo ilifanyika mwaka 2009. Akaunti zaidi ya 6,200 zilifungwa. Zilikuwa kama asilimia 2 tu ya akaunti zote zinazolipiwa, lakini zilipoondoka mzigo wa seva ulipungua kwa takriban asilimia 30. Watu wachache sana walikuwa wanakula sehemu kubwa sana ya seva.

Baada ya ushindi mwingi wa aina hiyo roboti zimeendelea kurudi, na makampuni yamejifunza njia nyingine: kuwa wauzaji wao wenyewe. EVE ilikuwa imetangulia kuuza hati ya muda wa kucheza iitwayo PLEX, RuneScape ikaleta dhamana zake mwaka 2013, World of Warcraft ikafuata mwaka 2015. Mwenye dola ananunua hati, anamuuzia mwenye dhahabu mnadani, na mwenye dhahabu anapata uanachama bila kutoa dola. Napenda mpango huu kuliko marufuku, kwa sababu unamwachia maskini mlango. Blizzard walijaribu pia njia ya tatu katika Diablo III iliyotoka Mei 2012, mnada wa pesa halisi ndani ya gemu yenyewe. Waliufunga Machi 2014, baada ya kukiri kwamba umeharibu raha ya mchezo.

Kuna watu ambao dhahabu ya gemu iliwaokoa, ingawa si kwa mlango huo. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka na mshahara wa chini kushuka hadi dola chache kwa mwezi, vijana wengi waliingia Old School RuneScape, toleo la mwaka 2013 linalofuata mchezo wa zamani. Waliua majoka ya kijani porini, wakauza mifupa na ngozi, wakauza dhahabu iliyopatikana, wakanunulia familia unga na dawa. Sheria za mchezo zinakataza kuuza dhahabu nje. Najua hilo, na nalielewa. Lakini walichowafanyia wachezaji wa nchi tajiri mwaka 2017 hakikuwa kulinda sheria. Walisambaza maelekezo ya kuwawinda majokani, kuwaua na kuwanyang'anya, na wengine waliwatukana kwa taifa lao. Wapo waliowaita roboti. Mtu aliyekaa saa kumi na mbili mbele ya kompyuta mbovu ili mtoto ale, akaitwa mashine kwa sababu alifanya kazi kama mashine.

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Mifumo ya kukamata roboti hutazama dalili: akaunti inacheza saa nyingi mno, inarudia kitendo kilekile, akaunti nyingi zinatoka kwenye anwani moja ya intaneti. Sasa nenda banda la gemu la Kihonda jioni. Vijana saba wameunganishwa kwenye hotspoti ya simu moja, kwa sababu bando ni ghali na wamechangishana. Hata asiyechangia, mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Ndugu wawili wanapokezana simu moja, huyu akaunti yake, huyu yake. Kwa mfumo uliotengenezwa na mtu mwenye intaneti yake chumbani, hawa wote wananuka roboti. Umaskini una alama za vidole zinazofanana na za udanganyifu, na anayetunga mfumo asipolijua hilo atawafungia watu halali huku wadanganyifu wenye pesa wakinunua anwani nyingine.

Gemu wanazozipenda zaidi vijana wetu, Free Fire na PUBG Mobile, zimekwepa tatizo la dhahabu kwa kuzuia biashara ya mchezaji na mchezaji. Pesa inakwenda upande mmoja, kwa mwenye gemu, kwa vocha na malipo ya simu. Huko roboti ni za mwenye nyumba mwenyewe: katika PUBG Mobile mechi za wanaoanza hujazwa wapinzani ambao si watu, ili mgeni ashinde, afurahi, abaki. Naona ni haki mchezaji aambiwe ameua watu wangapi na mashine ngapi.

Turudi Maghorofani, kwenye simu mbili. Michezo ya kugonga kioo iliyoenea mwaka 2024 kupitia Telegram ilikuwa gemu zenye uchumi mwepesi kuliko zote nilizozitaja. Notcoin ilitangulia, sarafu yake ikaingia sokoni Mei 2024. Hamster Kombat ikafuata, na waendeshaji wake wakadai wachezaji milioni 300. Ndani yake hapakuwa na joka, upanga wala soko la magogo. Kulikuwa hasa na kidole na kioo. Maana yake ni kwamba hapakuwa na kazi yoyote ambayo mtu angeifanya vizuri kuliko mashine. Katika RuneScape roboti ilihitaji kuutafuta mti. Hapa ilihitaji kugusa sehemu moja ya kioo. Programu za kujigonga zilipatikana bure. Waendeshaji wa Hamster Kombat walipoongeza funguo za kupatikana kwenye vijimchezo vya pembeni, zikatokea programu za kutengeneza funguo.

Malipo ya Hamster Kombat yalifika tarehe 26 Septemba 2024. Waendeshaji walitangaza kwamba wachezaji milioni 131 wamestahili kupata sarafu, na milioni 2.3 wamefungiwa kwa udanganyifu. Bei ya kwanza ilikuwa kama senti moja ya dola kwa sarafu, kisha ikashuka. Mgao wa watu zaidi ya milioni mia moja ni mdogo kwa kila mmoja hata pasipo mdanganyifu yeyote. Lakini iangalie namba ya waliofungiwa. Milioni 2.3 kati ya milioni 300 hawafiki hata mmoja kwa kila mia. Mchezo ambao mashine inaucheza kuliko mtu, ukikamata wachache kiasi hicho, mimi siamini kwamba waliobaki wote walitumia vidole.

Wapo wanaotengeneza gemu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala sasa hivi, na baadhi yao watasoma sura hii. Nawaomba kitu kimoja. Kabla hamjatoa sarafu ya kwanza, amueni saa ya mtu mtaitofautisha vipi na saa ya mashine, na fanyeni majaribio yenu kwenye banda la gemu lenye hotspoti moja na simu za kupokezana, si ofisini. RuneScape ilichelewa, lakini imefika mbali: tangu Desemba 2021 Old School hutoza ushuru kwa mauzo mengi ya mnadani, asilimia 1 mwanzoni na asilimia 2 tangu Mei 2025, na sehemu ya pesa hiyo hununua mali zilizozidi sokoni na kuziteketeza, ili bei ya anayezitafuta kwa mikono isianguke. Linawezekana.

Kuhusu wale vijana wawili, watu wengi niliowasimulia humlaumu mwenye simu mbili. Mimi simtetei, alijua anachokifanya. Ila mchezo unaomlipa mtu kwa kugonga kioo tu umeshaamua, kabla hajaufungua, kwamba kidole chake kina thamani sawa na programu ya bure. Kijana wa pili alidhulumiwa na aliyeutunga mchezo, na jirani yake alikuja baadaye sana.